Aliyejibu Nyuma Yetu

Ilikuwa kazi ya kufunga geti tu. Kwenda, kutia mnyororo, kubana kufuli, kurudi. Hata jasho halikutoki. Ndiyo maana nilimchukua mama.

Kwanza niwaambie kazi yangu, maana wengi wakiisikia hucheka. Mimi hulipwa kutembea. Ofisi yetu ipo pale mto unapoanza kutanuka kabla ya kuingia baharini, nasi huwatembeza watu kando ya maji: wazee waliochoka kukaa, watu waliotoka hospitali wakaambiwa wanyooshe miguu, wachumba wasio na pa kwenda. Matembezi mepesi. Hakuna kupanda mlima, hakuna kukimbia. Njia yenyewe ni ya mbao, imeinuliwa kwa nguzo juu ya tope, nayo inapita katikati ya matete mpaka karibu na mlango wa mto, mahali ambapo unaisikia bahari bila kuiona. Mama aliniita Kiguu na Njia tangu utotoni kwa sababu sikuwa natulia nyumbani. Nilipopata kazi hii alisema, haya, sasa hata uzururaji una mshahara.

Njia ni nyembamba, watu wawili hawawezi kwenda sambamba. Kwa hiyo tunakwenda mstari mmoja, mimi mbele, mwenzangu nyuma kabisa. Mwenzangu huyo tunamwita Mkia, na jina limemkaa mpaka mkewe analitumia. Kazi yake ni kuhakikisha hakuna mgeni anayebaki nyuma akitazama ndege mpaka maji yakamkuta. Kila penye kona mimi naita, "Nyuma?" Naye anajibu, "Nimefunga." Maana yake, mimi ndiye wa mwisho, nyuma yangu hakuna mtu. Siku nzima ni hivyo, nyuma, nimefunga, nyuma, nimefunga. Siku moja niliita hata nyumbani, nikiwa nimebeba sufuria ya moto naelekea mezani, na dada yangu akaniuliza kama nimeanza kurukwa na akili.

Mazoea yana taabu.

Siku hiyo ninayoisema Mkia hakuwepo jioni, mtoto wake alikuwa na homa. Kabla hajaondoka alinifuata kwenye chumba tunakoweka mabuti. Akanikumbusha kwamba maji ya usiku ule ni bamvua, yale maji makubwa yanayopanda mpaka juu ya mbao, kwa hiyo geti la mwisho wa njia lifungwe mapema, kwa kuwa kuna watu hupenda kuingilia upande wa ufukweni. Nikamwambia sawa. Hakuondoka. Alibaki amesimama anabandua tope kwenye soli ya buti kwa kijiti, tope ambalo kusema kweli halikuwepo.

"Ukiwa huna mtu wa nyuma," akasema, "usiite."

"Nimwite nani sasa?"

"Ndiyo hivyo. Usiite."

Nilicheka. Mkia ni mtu wa miiko yake, hapigi mluzi gizani, hafagii baada ya magharibi. Mimi huwa namtania kwamba kama ingekuwa kila anachokiogopa ni kweli, angekuwa ameshakufa zamani. Nikamwambia akamtazame mwanawe.

Sasa mama. Mama yangu alikuwa mtangazaji wa stendi kuu ya mabasi. Sauti yake ndiyo iliyowaambia watu basi gani linaondoka, lipi limechelewa, na mtoto wa nani kapotea anamsubiri mamaye penye choo. Watu walimjua kwa kumsikia, si kwa kumwona. Akienda dukani akauliza bei ya sabuni, vichwa vinageuka. Ilikuwa sauti safi, haina haraka, kila neno limekaa mahali pake. Na alikwenda kazini amejipaka poda shingoni, ingawa mle ndani ya chumba cha kipaza sauti hakuna aliyemwona.

Kisha kiharusi kikampiga, siku aliyokuja kuniletea mwavuli kazini. Mdomo ukaenda upande, mguu wa kushoto ukawa wa kuburuta, na ile sauti ikaondoka. Kilichobaki kilikuwa vipande vya maneno vinavyomtoka kwa taabu, na mate yanamwagika, naye anageuza uso kwa aibu. Dada aliapa kwamba mama karogwa, na alimjua mpaka mchawi mwenyewe: yule mwenzake aliyekalia kiti chake siku ya pili, kabla hakijapoa. Mimi nilimsikiliza daktari. Daktari alisema atembezwe kila siku penye tambarare, asiachwe kukaa. Nami nilimtembeza. Nilitaka mama yangu arudi kama alivyokuwa, nilitaka sana, wala sioni haya kusema. Nilitaka anigombeze kwa sentensi nzima.

Jioni ile dada, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa amekwenda kumpelekea mteja nguo. Hakukuwa na mtu wa kukaa na mama, na bado alikuwa hajatembea. Geti lilikuwa linanisubiri. Nikamvalisha shali, nikampa fimbo yake, tukaenda.

Mbao zilikuwa bado na joto la jua. Kaa wadogo walikuwa wakikimbilia mashimo yao tukipita. Mimi mbele, mama nyuma yangu, na sauti yake ya kutembea nilishaizoea hata sikuwa na haja ya kugeuka.

Ko... ilikuwa fimbo.

Shrrr... ulikuwa mguu.

Ko... shrrr... Ko... shrrr...

Mimi ni mtu wa haraka, na kutembea na mama kulikuwa kunaniumiza nyonga. Nilikuwa nasema peke yangu kama redio, nikimhadithia habari za wageni wa siku ile, bibi mmoja aliyemwita kila ndege bata. Mama alicheka kidogo, kicheko cha upande mmoja. Tulipofika kwenye kibaraza cha mapumziko, pale katikati ya njia ambapo mbao zinapanuka na kuna benchi, nilimwambia akae anisubiri niende getini peke yangu. Akakataa kwa kichwa. Alibana fimbo kwapani, akanishika mkono wa shati akanivuta, ishara ya twende. Nilifurahi. Nilidhani ni ari.

Getini nilitia mnyororo, nikabana kufuli. Jua lilikuwa limeshaingia, na ule weupe uliobaki juu ya maji ulikuwa unaondoka haraka. Tope lilikuwa linanuka kama linavyonuka siku zote, chumvi na majani yaliyooza.

Halafu nikasikia harufu ya poda.

Nilimwuliza mama kama kajipaka. Hajagusa poda tangu augue, kopo lenyewe dada kaliweka juu ya kabati. Alikuwa anayatazama matete ya upande wa kushoto, mkono wake mzima umeikaza fimbo. Nikaangalia anakoangalia. Matete yalikuwa yametulia, na hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani.

"Twende, mama," nikasema. "Maji hayo."

Kweli yalikuwa yameanza. Chini ya mbao ulikuwa unasikia yakinong'ona kwenye nguzo. Nikawasha tochi nikatangulia, kwa kuwa kwetu mwenye tochi ndiye anayetangulia, akajaribu mbao kabla mwenziwe hajakanyaga. Sikuweza kumshika mkono. Mkono wake mzuri ulikuwa na fimbo, na ule mwingine haushiki kitu.

Ko... shrrr... Ko... shrrr...

Tukafika kwenye kona. Na mdomo wangu, wallahi mdomo wangu si mimi, ukaita.

"Nyuma?"

"Ni... po," akasema mama.

Na kule mbali, nyuma yake, karibu na geti nililolifunga kwa mkono wangu...

"Nimefunga."

Nilisimama. Mama naye akasimama. Nikajiambia ni Mkia. Mtoto kapata nafuu, naye kaja kuhakikisha kama nimefunga vizuri, tena kwa upande wa ufukweni, karuka geti. Nikamulika. Mwanga wa tochi ulikwenda ukapita begani kwa mama, ukazifuata mbao mpaka zilipoishia gizani. Hapakuwa na mtu.

"Ni Mkia huyo, anatutania," nikamwambia mama. Sauti yangu mwenyewe sikuiamini.

Nilitaka kumtanguliza. Lakini pale njia ni nyembamba na haina ukingo, na kupishana na mtu mgonjwa juu ya mbao zenye utelezi ni kumtupa topeni. Nikaamua tukapishane kibarazani, kwenye benchi. Si mbali. Nikamwambia ajitahidi. Nikaanza kutembea, na nikawa namsikiliza kwa mgongo, kama mtu anayesikiliza mtoto chumba cha pili.

Ko... shrrr...

Ko... shrrr...

Maji yalikuwa yameshaanza kuchungulia kwenye nafasi za mbao. Yalikuwa baridi. Nilikuwa namhimiza mama, kisha nasikitika kwa kumhimiza, kisha namhimiza tena. Kila nikitaka kukimbia nakumbuka mguu wake, na kila nikipunguza mwendo naikumbuka ile sauti. Harufu ya poda ilikuwa imeongezeka. Sikuita tena. Nilijiuma ulimi nisiite.

Hatimaye benchi likaonekana. Nikapanda kibarazani, nikasogea pembeni, nikaelekeza tochi chini nimwonyeshe pa kukanyaga.

"Haya, mama. Pita mbele."

"Ahsante, mwanangu."

Sikushtuka. Hili ndilo linalonisumbua mpaka leo, kwamba sikushtuka. Nilifurahi. Ilikuwa sauti ya mama yangu, ile ile, ya stendi, maneno mazima, hakuna hata moja lililokwama. Nikaona daktari alisema kweli. Nikaona kutembea kote kule kumezaa matunda. Nikainua tochi kumtazama, na uso wake ulikuwa umenyooka. Mdomo umekaa sawa. Alikuwa anatabasamu pande zote mbili, shali limemkaa vizuri mabegani, na shingoni ana poda.

Hakuwa na fimbo.

"Mbona umeduwaa, Kiguu na Njia wangu?" akasema. "Twende nyumbani. Nimechoka kukaa huku."

Na nyuma yake, gizani, kule nilikotoka...

Ko... shrrr...

Ko...

"Ni... po," ikasema sauti nyingine. Ilikuwa ya mama pia. Ilikuwa nzito, na mate ndani yake. "Ni... ngo... je."

Huyu aliye mbele yangu hakugeuka kumwangalia wa nyuma. Alikuwa ananitazama mimi tu, kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyechelewa basi. Akaninyooshea mkono. Na nitasema kweli: nilitaka kuushika. Kila siku, tangu mama augue, hilo ndilo nililokuwa naliomba, na sasa limekuja limesimama mbele yangu linaninyooshea mkono.

Sikufanya uamuzi wa busara, msinisifu. Ni kazi tu iliyonitawala. Katika kazi yetu, ukiwa na mgeni aliyesimama vizuri mahali pakavu na mwingine anayeburuta mguu gizani huku maji yanapanda, humuulizi mtu maswali. Unamrudia aliyebaki nyuma.

Nikampita. Kibaraza kilikuwa kipana, lakini bega langu liligusa shali lake, na lilikuwa na joto. Joto la mtu. Nikashuka kwenye njia nikakimbia, maji yananirukia miguuni, nikamkuta mama ameshikilia fimbo kwa nguvu zote na mawimbi madogo yanampiga vifundoni. Nikamgusa uso. Ulikuwa baridi kama sahani. Mdomo uko upande. Nikamgeuzia mgongo, nikachuchumaa, nikambeba kama wanavyobebwa watoto. Fimbo ikaanguka majini.

Ilibidi tupite kibarazani tena. Alikuwa bado pale. Alisogea pembeni akatupisha, kwa adabu, kama anavyofanya mtu kwenye mlango wa basi. Sikumwangalia. Niliiangalia miguu yake, ilikuwa pekupeku, na mbao pale alipokuwa amesimama zilikuwa zimelowa zaidi kuliko kwingine.

Halafu akatufuata.

Hatua zake zilikuwa nyepesi. Hakuna fimbo, hakuna kuburuta. Mtu anayetembea tu jioni kunyoosha miguu.

"Mwanangu," akasema nyuma yangu. "Unambeba nani huyo?"

Nikaongeza mwendo.

"Geuka uniangalie. Mimi ndiye niliyekuzaa. Huyo unayembeba ni nani?"

Mama mgongoni alikuwa mzito, mzito kuliko nilivyowahi kumbeba kutoka kitandani. Pumzi yake ilikuwa inanipiga sikioni. Alikuwa anajaribu kusema kitu, naye hawezi, na mkono wake mzima ulikuwa umelishika bega langu unalivuta kwa nyuma. Alitaka kugeuka. Nilijua anaogopa, nikamwambia anyamaze, tumefika, tumefika. Maji yalikuwa yananifika kwenye miundi. Taa ya ofisi ilikuwa inaonekana mbele, ile taa mbovu inayowaka na kuzimika ambayo kila siku tunasema tutaitengeneza.

Kule nyuma yule aliacha kuuliza. Alikuwa analia. Sauti ile ile safi, isiyo na haraka, na kilio ndani yake.

"Usiniache huku mara ya pili," akasema. "Kiguu na Njia. Usiniache mara ya pili."

Nilikimbia.

Nilipokanyaga saruji ya ofisi, hatua za nyuma zilikoma pale pale zinapoishia mbao. Sikugeuka. Nilikuwa nahangaika na funguo, mama bado mgongoni, na nikamsikia mara ya mwisho, polepole, kama mtu aliyekubali.

"Nimefunga."

Dada alikuwa amesharudi tulipofika nyumbani. Alituona tulivyolowa akanipa vidonge vyangu, kwamba nina akili za kuku, kwamba mama ataugua kifua. Nilimwacha aseme. Tulimbadilisha mama nguo, tukamfunika. Alilala amegeukia ukuta. Dada aliniuliza fimbo iko wapi, nikamwambia imeanguka, na hapo ndipo nilipoanza kulia, na yeye akadhani ninalilia fimbo.

Kesho yake nilimkamata Mkia kwenye chumba cha mabuti, nikafunga mlango. Nikamweleza yote. Alisikiliza ameinamisha kichwa, na nilipomaliza hakushangaa, na kutoshangaa kwake ndiko kulikonitia hofu.

Akaniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia. Siku ya kiharusi, ni yeye aliyemkuta mama. Hilo nililijua. Alimkuta ameketi juu ya mbao, kwenye kona ile ile, mwavuli wangu mapajani, hawezi kusema neno. Akambeba. Na alipokuwa anampeleka ofisini akasikia nyuma yake mama anaita. Ningojeni, jamani, naja. Sauti nzima, ya stendi. Wakati mama mwenyewe yuko mikononi mwake na mdomo umepinda.

"Ukafanyaje?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nimembeba mgonjwa, ningefanyaje? Nilikimbia kama wewe."

Tangu siku hiyo, akasema, kuna jioni anajibu "Nimefunga" na mwingine nyuma yake anajibu pia, kwa sauti ya chini. Hakuniambia kwa sababu sauti yenyewe ilikuwa ya mama yangu. Nikamuuliza ni nini. Jini? Uchawi wa yule wa stendi? Akasema kwao wapo wanaosema mtu anaweza kuibiwa nusu, akabaki anakula na kulala huku nusu nyingine imewekwa mahali, na aliyeiweka anaitumia. Na wapo wanaosema majini ya mlango wa mto huiga sauti ya mtu mpaka mamaye mzazi asitofautishe. Nilimshika shati, nikamwambia aseme lipi ni la kweli.

"Ningejua ningekuwa mganga," akasema. "Nisingekuwa mkia."

Dada nilimwambia baadaye, kwa kifupi. Yeye hakuwa na shaka hata kidogo. Ni jini, nimemwokoa mama, tumshukuru Mungu, na nisimpeleke huko tena. Nililishika hilo. Nilikuwa nalihitaji. Mama tukawa tunamtembeza barabarani, mbele ya nyumba, mimi au dada, kwa fimbo mpya. Mguu ulikuwa vile vile. Maneno yalipungua.

Nyumba yetu si mbali na mto. Wakati maji yamepwa huwa unasikia mengi kutoka huko, ndege, watu wanaoitana, mashine za boti. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipoisikia ile sauti niliikataa. Ilikuwa mchana kweupe, naanika nguo kwenye kamba, na kwa mbali mtu alikuwa anatangaza mabasi. Moja baada ya jingine, polepole, kila neno mahali pake. Stendi iko upande mwingine kabisa wa mji. Niliingia ndani nikafungua redio kwa nguvu.

Ikawa ndiyo tabia yangu. Maji yakipwa, redio. Dada alilalamika anaumwa kichwa. Yeye hakusikia kitu, au alisema hasikii. Mama alikuwa anakaa mezani akikunja nguo kwa mkono mmoja, polepole, na sikuwahi kumuuliza kama anasikia, kwa sababu sikutaka jibu.

Wiki iliyopita, alasiri, dada alikuwa chumbani na cherehani yake, mimi napiga pasi. Redio ilikuwa inatoa habari za mpira. Mama aliweka chini shati alilokuwa analikunja. Akainuka, akaburuta mguu mpaka kwenye rafu, akazima redio.

Cherehani nayo ilikuwa imenyamaza.

Dirisha lilikuwa wazi. Sauti iliingia kidogo, ikapotea, ikaingia tena. Haikuwa inatangaza mabasi. Ilikuwa inaita jina langu la utotoni, lile analolijua mama, bila kuchoka, kama mtu anayejua ataitikiwa tu.

Mama alikuwa amefumba macho anasikiliza. Chozi lilikuwa linamtoka jicho la upande mmoja, ule mzima. Nilimwambia mama, usisikilize, si mtu huyo. Akainua mkono kuninyamazisha. Kisha akaanza kusema, na nilimwona shingo ikikakamaa kwa taabu ya kulitoa kila neno.

"Huyo... ni... mimi."

"Siyo, mama. Wewe uko hapa."

Akatikisa kichwa. Alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sijui kama ni upendo au ni njaa. Akanishika mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi, vile vile kama usiku ule, havijawahi kupata joto tangu siku ile, nami kila siku najisemea ni ugonjwa, damu haizunguki vizuri.

"Nenda," akasema. "Ka... ni... chukue."

Hajasema neno jingine tangu siku hiyo. Dada anasema ni kiharusi kimezidi, na daktari anasema anahitaji muda. Mimi silali. Nikimwangalia akiwa amelala najiuliza nilimbeba nani, na nikiwa njiani kazini najiuliza nilimwacha nani, na katika yote mawili sina wa kumuuliza. Mkia ameniomba tubadilishane, yeye awe mbele. Nimekataa. Mtu wa mbele haruhusiwi kugeuka ovyo, na kwa sasa hilo linanifaa.

Ila kila jioni nikirudi, nikivua mabuti mlangoni, mama anainua uso kutoka kitini. Hanitazami mimi. Anatazama nyuma yangu, kuona kama nimekuja na mtu, kisha anainamisha kichwa.

Jana hakukiinamisha. Alitabasamu.